SOMO: Hedifoni zinavuma, zinakwaruza au zinalia kama mbu kwenye kompyuta? Jua kelele inaingilia wapi kabla hujanunua kitu

Wakuu habari zenu. Leo tuongelee hii kelele ya kwenye hedifoni ukizichomeka kwenye kompyuta, ule mvumo, au ile "shhhh", au ule mlio mwembamba kama mbu anakuzunguka sikioni. Watu wengi wakiisikia wanakimbilia kununua hedifoni mpya, wanachomeka, kelele ipo palepale. Mimi nilibadilisha hedifoni mbili mfululizo nikiamini zimekufa, kumbe shida ilikuwa chaja ya laptopu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba kipindi kile nilikuwa nasafisha rekodi za watu, kwahiyo kuna kazi nilizikatakata sauti nikidhani mvumo umo kwenye rekodi yao wakati ulikuwa kwangu. Ndio maana nasisitiza, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, sikiliza, ndo uende kingine. Ukibadili vitatu kwa pamoja hata kelele ikiisha hutojua nini kimeiondoa, na ikirudi unaanza upya.

HATUA YA 1: Sikiliza tu, usiguse kitu

Zima miziki na video zote, vaa hedifoni, acha voliumu unayotumia siku zote, tulia dakika moja hivi. Aina ya kelele ndo inakuelekeza pa kwenda.

Kama ni mvumo mzito wa "mmmmm" usiobadilika, huo ni umeme wa ukutani. Umeme wa nchi nyingi unazunguka mara 50 kwa sekunde, Marekani na baadhi ya nchi ni mara 60, na mvumo wake unatokea hapo au kwenye marudufu yake, 100 au 120. Kama ni mlio wa mbu na unabadilika ukisogeza mausi, ukiperuzi ukurasa mrefu au gemu likifunguka, hiyo ni kelele ya ndani ya kompyuta yenyewe. "Shhhh" iliyotulia kama mvua ya mbali mara nyingi ni maiki iliyoachwa wazi au amplifaya iliyofunguliwa sana. Kama kukiwa kimya hakuna kitu ila muziki ukianza ndo unakuja na mikwaruzo na "tik tik", hapo shuku draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa ndani ya kompyuta) au jeki. Na ukisikia "tiritiri tiritiri" sekunde chache kabla simu haijaita, ni simu yako ipo karibu na waya na imeshika mtandao wa 2G, isogeze hata mita moja yataisha, usihangaike na mengine.

HATUA YA 2: Shusha voliumu ya kompyuta mpaka sifuri

Hii watu wanairuka lakini mimi ndo naipenda kuliko zote maana haihitaji kifaa chochote. Ukishusha voliumu na kelele ikapungua nayo, basi kelele inatengenezwa kabla ya voliumu, yaani kwenye programu, maiki au rekodi yenyewe, nenda hatua ya 5. Ikibaki vilevile bila kujali voliumu, basi inaingia baada ya hapo, kwenye umeme, mazabodi (ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta), jeki au waya, endelea na ya 3.

HATUA YA 3: Chomoa kimoja kimoja

Wa laptopu anza na chaja, itoe utumie betri. Mvumo ukikata hapohapo, mhalifu umempata. Chaja nyingi za pini mbili zinavujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye kasha la laptopu, ndo ule mtekenyo unaousikia ukipitisha kidole juu ya chuma chake, na huohuo unaingia kwenye sauti. Jaribu soketi nyingine, geuza plagi kama inageuzika, au tumia chaja ya pini tatu inayokubaliana na laptopu yako kwenye soketi yenye ethi (ule waya wa usalama unaoenda ardhini) inayofanya kazi kweli.

Kama hujaona tofauti, endelea kuchomoa: monita, spika, printa, hadi kitu cha mwisho cha USB, na kila ukichomoa sikiliza. Hapa kuna jambo watu wanalichanganya sana. Hedifoni peke yake hazina umeme wake wa ukutani, kwahiyo zenyewe haziwezi kufanya mzunguko wa ethi. Mzunguko unatokea pale kompyuta imeunganishwa na kitu kingine chenye plagi yake, kama miksa au amplifaya ya mezani, halafu kila kimoja kinafika kwenye ethi kwa njia yake, mkondo mdogo unapita kwenye waya wa sauti na wewe unausikia kama mvumo. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja uone, mara nyingi panapoa.

Na nawaomba sana wakuu, USIKATE PINI YA ETHI wala kuiziba na solotepu. Ni kweli mvumo unaweza kuisha, lakini siku chaja au amplifaya ikipata hitilafu huo umeme utapita kwenye mwili wako, na una waya kichwani.

HATUA YA 4: Hama tundu

Kwa kompyuta ya mezani, toa hedifoni tundu la mbele peleka la nyuma. La mbele linaunganishwa na kebo ndefu nyembamba inayokatiza ndani ya kasha, inapita jirani na kadi ya grafiksi na feni, inaokota kila kelele njiani. La nyuma limekaa kwenye mazabodi yenyewe. Ule mlio wa mbu wa kwenye gemu unaweza kupungua sana kwa hili tu.

Safisha na tundu lenyewe, kijiti cha pamba chembamba na alkoholi ya isopropili, kompyuta ikiwa imezimwa, subiri ikauke. Ukizungusha jeki ikakwaruza, ni uchafu au tundu limelegea.

HATUA YA 5: Mipangilio

Ingia mipangilio ya saundi, upande wa kurekodi, fungua maiki. Kuna kiongeza nguvu cha maiki ambacho kinapandishwa desibeli 10, 20 mpaka 30, kirudishe sifuri. Halafu tafuta kile kiboksi cha kusikiliza kifaa kupitia spika, kama kina tiki itoe, maana hapo kompyuta inakurudishia sauti ya chumba chako masikioni muda wote. Maingizo usiyoyatumia yanyamazishe.

Kwa mikwaruzo ya muziki ukiwa unacheza, zima maboresho yote ya sauti, weka sampo reti (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) moja kila mahali, 48000 au 44100, kwenye Windows na kwenye programu unayofanyia kazi. Bado? Pakua programu ya Windows inayoitwa LatencyMon, iache ikimbie dakika kumi, itakuonyesha draiva ipi inachelewesha prosesa. Draiva ya Wi-Fi inatajwa sana humo, kwahiyo zima Wi-Fi kwa muda usikilize kabla hujaanza kufuta vitu.

HATUA YA 6: Kama imebidi kununua

Kelele ya ndani ya kompyuta, ile ya mbu, saundi kadi ya nje ya USB inasaidia sana kwa sababu sauti inatengenezwa mbali na mazabodi. Ila mvumo wa mzunguko wa ethi unaweza kukufuata hukohuko, maana waya wa USB nao unabeba ethi. Kwa huo, kama kompyuta na amplifaya yako vina tundu la optiko tumia hilo, pale inapita mwanga tu, umeme hauna pa kupitia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nikishika tu chuma cha kasha kelele inapungua, nikiachia inarudi. Hii ni nini?

Jibu: Mwili wako unafanya kazi ya ethi hapo kaka. Soketi yako inawezekana ina tundu la tatu lakini waya wa ethi nyuma yake haupo au umekatika. Mwite fundi umeme aipime, na hili usilichukulie kama suala la sauti peke yake.

Swali: Za kwangu ni za Bluetooth, zinakatikakatika nikichomeka diski ya nje. Na nikiingia kwenye mkutano muziki unageuka kama wa simu ya zamani.

Jibu: Ni mambo mawili tofauti dada. La kwanza, USB 3 inatoa kelele ya redio inayogusa masafa ya gigahezi 2.4 ambayo ndo Bluetooth inatumia, Intel walitoa andiko kuhusu hili mwaka 2012. Hamishia diski tundu la mbali, au kama unatumia kidongo cha Bluetooth kiweke kwenye kebo ya USB kikae mbali na diski. La pili, maiki ya hedifoni ikiwaka Bluetooth inahamia mfumo wa simu na ubora unashuka. Chagua maiki ya laptopu au ya nje, hedifoni zibaki za kusikiliza tu.

Swali: Earphone za simu nikizichomeka kwenye kompyuta ya mezani muziki unasikika ila mwimbaji hasikiki, anaongea kwa mbali kama yupo ndani ya pipa.

Jibu: Hizo zina jeki ya pete tatu (hesabu ile mistari myeusi ya kwenye jeki) na tundu lako ni la jeki ya pete mbili, waya wa pamoja haushiki vizuri, kwahiyo unabaki na tofauti ya kushoto na kulia tu, na mwimbaji kwa kawaida anawekwa katikati ndo maana anapotea. Vuta jeki nje kidogo sana, kama milimita moja, ukimsikia amerudi basi nunua adapta inayogawa hedifoni na maiki.

Swali: Natumia Linux, kila sauti inapoanza kuna "pop", baada ya hapo safi kabisa.

Jibu: Saundi kadi inalala kuokoa umeme, hiyo pop ni kuamka kwake. Tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d/ uandike options snd_hda_intel power_save=0 kisha uristati.

Swali: Mwalimu nimefuata yote na mlio wa mbu bado upo nikicheza gemu, hata saundi kadi ya USB nimenunua.

Jibu: Pole sana. Vua hedifoni, ziweke mezani, sogeza sikio karibu na kasha gemu likiwa linaendelea. Ukiusikia palepale, haupo kwenye sauti kabisa, ni koili za kadi ya grafiksi zinatetemeka na unausikia kupitia hewani. Weka kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde) kwenye gemu, kama ni 300 shusha mpaka 60, uniambie umebadilika au la.