Somo: Kondoo kwa anayeanza, shahamu kwanza, viungo baadaye

Wengi wetu hapa Unguja tumezoea ng'ombe na mbuzi. Kondoo tunakutana naye zaidi Sikukuu ya Mfunguo Tatu, jirani anapopiga hodi na mfuko wa nyama ya kuchinja. Bibi harusi wa juzi, au kijana anayekaa peke yake, anautazama ule mfuko asijue aanzie wapi. Somo hili ni lake.

Chungu changu cha kwanza nilimpika kama ng'ombe: nikamuosha, nikamchemsha na mafuta yake yote, nikamalizia kwa tui zito. Wageni walipokwisha kunawa, juu ya mchuzi pameganda utando mweupe kama nta. Walikula wali kwa kachumbari. Iliniuma, maana nyama ilikuwa nzuri.

Tangu siku ile naanza na shahamu, yale mafuta meupe yaliyoshika juu ya nyama. Harufu ile watu wanayoikimbia imekaa humo, na mafuta ya kondoo huganda upesi. Yakipoa kidogo tu, yanakushika midomo.

Kununua. Ukienda sokoni Darajani mwambie muuzaji akupe mkono au shingo, kilo moja na nusu pamoja na mifupa. Mguu uache kwanza, unakauka ukikosea. Nyama ya kondoo mchanga ina rangi ya waridi na shahamu nyeupe. Ikiwa nyekundu ya kukoza, mara nyingi ni mnyama mzima, mpe muda zaidi motoni.

Kusafisha. Hapa usiwe na haraka. Chukua kisu kikali, shika kipande, inua ukingo wa shahamu kwa kucha na upitishe kisu chini yake. Itatoka kama ganda. Vile vinyuzi vya mafuta vilivyoingia ndani ya nyama viache, ndivyo vinavyolainisha. Katakata vipande vya ukubwa wa ndimu, osha mara moja, chuja sana.

Kutia viungo. Twanga thomu (kitunguu saumu) punje nane na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Changanya na chumvi, maji ya ndimu mbili na pilipili manga kijiko cha chai. Paka, funika, weka ndani ya friji saa mbili au usiku kucha. Kama mnyama ni mzee, ongeza kijiko kimoja cha papai bichi lililokunwa, lakini nusu saa tu kabla ya kupika. Ukilizidisha nyama inakuwa uji.

Kupika.

1. Injika sufuria nzito bila mafuta wala maji. Tia nyama, wacha ijitoe maji yake, na yakauke.

2. Utasikia sauti inabadilika, kutoka kutokota hadi kukaanga. Geuza mpaka vipande vishike rangi ya kahawia pande zote. Mafuta yaliyojitoa yamwage, ubakishe vijiko viwili.

3. Tia vitunguu maji vitatu vilivyokatwa, vikilainika tia uzile (bizari nyembamba) kijiko cha chai, kijiti cha mdalasini, hiliki nne na karafuu tatu. Kisha tungule (nyanya) nne zilizosagwa. Koroga mpaka rojo iachane na mafuta.

4. Mimina maji ya moto vikombe vitatu, funika, punguza moto. Anayepikia seredani, jiko la makaa, apunguze makaa chini na apalie machache juu ya kifuniko. Saa moja na nusu, wakati mwengine mbili. Mbatata zitie nusu saa ya mwisho.

5. Bonyeza kipande kwa mwiko: kikiachana na mfupa, tayari. Ipua, subiri dakika kumi, uenguwe mafuta ya juu kwa upawa.

Pakua mchuzi ukiwa wa moto, na boflo (mkate) au wali mweupe, na achari ya ndimu pembeni. Tui kwa kondoo mimi silitii tena. Mafuta juu ya mafuta.

Masuali

*Bi mkubwa, shikamoo. Nimeosha kwa ndimu mara tatu na harufu ipo pale pale.*

Marahaba mwanangu. Ndimu inafanya kazi juu juu, harufu imo ndani ya shahamu. Rudi kwenye kisu. Na kule kuosha mara tatu kunaondoa utamu tu.

*Mie niko Wete. Nyama ya sikukuu niliitia friza saa ile ile imechinjwa, nimeipika saa tatu bado ngumu. Nimekosea wapi?*

Hapo pa friza, dada yangu. Nyama ikishachinjwa inakakamaa kwa saa kadhaa, ndipo inalegea yenyewe. Ukiigandisha kabla, unaufungia ule ukakamavu. Mara nyengine iweke ndani ya friji, sehemu ya chini, mpaka kesho yake, ndipo uipeleke friza. Kuyeyusha pia fanya ndani ya friji, usiiache juu ya meza na joto letu hili.

*Karafuu tatu tu? Sisi Wapemba hatuzihesabu!*

Najua, na zenu zinanukia. Lakini zikikaa motoni saa mbili zinatoa uchungu. Anza na tatu, zaidi utamshauri mwenyewe chungu chako.

*Kaka hapa, sina seredani wala muda. Sufuria ya presha inafaa?*

Inafaa. Hatua za kwanza fuata kama zilivyo, usiziruke, rangi ya kahawia haipatikani ndani ya presha. Maji kikombe kimoja na nusu, dakika thelathini toka ianze kupuliza. Mbatata zipike baadaye, kifuniko kikiwa wazi.

*Naweza kutumia njia hii kwa mbuzi?*

Ndiyo, ila mbuzi hana shahamu nyingi. Usimwage kitu, na vitunguu vikaange kwa kijiko cha samli.