Nyoka na Nyani Ndani ya Kinyonga: Namna ya Kutafuta Maneno Yaliyojificha Katika Neno Refu

Andika neno KINYONGA kwenye karatasi, kisha litazame bila haraka. Lina herufi nane tu, lakini ndani yake mna nyoka, mna nyani, mna yai, ngao, ngano na hata kinyago. Hakuna herufi iliyoongezwa kutoka nje, wala iliyotumika mara mbili ilhali ipo moja. Watu wengi huucheza mchezo huu kwa kubahatisha: hulikodolea macho neno mpaka kitu kijitokeze, hupata maneno matano au sita, kisha hukwama. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya pale mtu anapokwama, na njia ninayoieleza inategemea sifa moja ya Kiswahili chenyewe, yaani kwamba maneno yetu hujengwa kwa silabi, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Anayetafuta kwa herufi moja moja anajiongezea kazi bure. Anayetafuta kwa silabi huona mengi kwa muda mfupi.

Kabla ya kutafuta neno hata moja, wachezaji wakubaliane kanuni, kwa sababu ugomvi wa mchezo huu huzuka mwishoni, wakati wa kuhesabu. Kanuni ya kwanza haina mjadala: herufi hutumika mara zile tu ilizomo katika neno mama, yaani lile neno refu linalotafutiwa maneno mengine. Tuchukue neno MWANAFUNZI, ambalo lina A mbili, N mbili, na M, W, F, U, Z na I moja moja. Neno amani linakubalika, lakini imani linakataliwa, kwa kuwa linadai I mbili. Majina ya pekee yaachwe nje, hivyo Mwanza halihesabiwi hata kama herufi zake zote zimo. Maneno ya herufi mbili, kama na, za, wa, au, ni na ua, nayo yaachwe, kwa kuwa ni mengi na hayamfundishi mtu chochote. Mimi huanzia herufi tatu, na kwa watu wazima huanzia nne.

Kanuni inayohitaji uamuzi wa makini zaidi inahusu vitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na hata mtendwa ndani ya neno moja, na kwa sababu hiyo mchezaji mjanja anaweza kuandika unazima, inafuma na mengine ya namna hiyo mpaka karatasi ijae. Nashauri yakubaliwe maneno yale tu yanayopatikana kama vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa ili yafafanuliwe, katika kamusi, pamoja na wingi wa nomino na vitenzi vilivyonyambuliwa visivyo na nafsi wala wakati. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, inatosha kuwa mwamuzi, mradi wote wakubaliane mapema kwamba ndiyo itakayofunguliwa. Kama mezani yupo mtu wa Lamu au Mombasa anayesema nti kwa maana ya nchi, jambo hilo lizungumzwe kabla ya kuanza. Binafsi ningempa haki yake, kwa sababu lahaja ni Kiswahili pia.

Tahajia yetu inausaidia sana mchezo huu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ilituachia maandishi ambayo kwa sehemu kubwa yanafuata sauti, hivyo neno ulilolisikia unaweza kuliandika bila shaka. Hata hivyo, zipo herufi zinazohitaji uangalifu. Katika Kiswahili sanifu C haitembei bila H, kwa hiyo ukiwa na neno CHAKULA zishike C na H kama kitu kimoja na utapata kucha na chaka. Lakini H yenyewe inaweza kumwacha mwenzake, na hapo utapata laha. Vivyo hivyo, N na Y zinaweza kutenganishwa, na ndiyo maana yai limo ndani ya KINYONGA. Alama ya ritifaa katika ng' isipuuzwe: ngoa, lenye maana ya wivu, linapatikana katika KINYONGA, lakini ng'oa halipatikani, kwa sababu ni sauti nyingine na ni neno jingine.

Sasa tuje kwenye uteuzi wa neno mama. Urefu pekee hautoshi. BARABARA lina herufi nane sawa na KINYONGA, lakini limejaa marudio na halitoi zaidi ya baba, bara, raba na machache mengine. Neno zuri lina irabu tatu zilizo tofauti au zaidi, na konsonanti za kazi kama M, N, K, S, L na T. Likiwa na W ni heri zaidi, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Anza kwa kusoma neno kama lilivyo, bila kupangua chochote, ukitafuta maneno yaliyoshikana ndani yake. KITABU lina tabu. TUMAINI lina tuma mwanzoni na maini mwishoni. TARATIBU linastahili kutazamwa polepole, kwa sababu ukiondoa herufi mbili za mwanzo unabaki na ratibu, na ukiendelea kuondoa unafika kwenye tibu. Njia nzuri ya kuyaona haya ni kufunika mwanzo wa neno kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, na kusoma kwa sauti kinachobaki. Kisha ufanye hivyo hivyo kutoka mwishoni.

Baada ya hapo neno lipanguliwe. Jicho lina mazoea mabaya ya kuusoma mpangilio wa awali tena na tena, kwa hiyo ni lazima uuvunje kwa mikono. Andika kila herufi kwenye kipande cha boksi au kwenye kizibo cha soda, weka irabu katikati ya meza na uzizungushie konsonanti. Kwa KINYONGA utakuwa na I, O na A katikati, na K, N, Y, N na G pembeni. Hesabu irabu kwanza. Irabu tatu maana yake ni kwamba huwezi kupata neno lenye silabi zaidi ya tatu, isipokuwa pale M au N inaposimama peke yake kama silabi, mfano m-na-zi, neno lenye silabi tatu na irabu mbili tu. Hesabu hii ndogo inakuzuia kupoteza muda kwa kuwinda maneno ambayo hayawezekani.

Kisha tengeneza jedwali la silabi. Oanisha kila konsonanti na kila irabu: ka, ki, ko, na, ni, no, ga, gi, go, ya, yo. Ongeza miungano ambayo Kiswahili kinaikubali, na hapa kumbuka kwamba mara nyingi N na M ndizo zinazotangulia, na W ndiyo inayofuata: nya, nyi, nyo, nga, ngi, ngo. Jedwali likiwa mbele yako, kazi inageuka kuwa ya kuunganisha. Nyo na ka ni nyoka. Nya na ni ni nyani. Nga na no ni ngano, na kuna N mbili kwa hiyo hakuna kosa. Ki, nya na go ni kinyago. Ki, a na ngo ni kiango, kile cha kuwekea taa, neno ambalo vijana wengi hawajalisikia na ambalo mchezo huu unaweza kulirudisha midomoni mwao. Soma silabi kwa sauti unapoziunganisha, kwa sababu mara nyingi sikio hulitambua neno kabla ya jicho.

Ukisharidhika na jedwali, zipo mbinu tatu zinazoongeza mavuno, na nitazieleza kwa kurudi kwenye MWANAFUNZI, lenye irabu A, A, U na I.

Mbinu ya kwanza ni kuzishikilia konsonanti mbili na kuzungusha irabu. Chukua Z na M: zama, zima, zamu, zimu. Chukua F peke yake: fua, faa, fia. Ufanye hivyo kwa kila jozi na kwa mpangilio wote wawili, maana M na Z hazitoi maneno yale yale yanayotolewa na Z na M.

Mbinu ya pili wanaijua watoto wa pwani, ambao wana mchezo wa kusema kinyume kwa kuihamisha silabi ya mwisho kuipeleka mwanzoni. Kila neno ulilolipata ligeuze hivyo. Ziwa linakuwa wazi. Nina linakuwa nani. Fuma linakuwa mafu, kama katika maji mafu. Si kila neno linageuka kuwa neno, lakini jaribio lenyewe ni la sekunde moja.

Mbinu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko zote, ni kutumia sarufi. Uliyepata nazi, tazama kama unayo M, kwa sababu tunda likipewa M mara nyingi huzaa mti wake: mnazi. Uliyepata wazi, tazama kama unayo U ya kuunda nomino dhahania: uwazi. Uliye na W na kitenzi, jaribu kauli ya kutendwa: fuma inatoa fumwa, anza inatoa anzwa, zuia inatoa zuiwa. Ndiyo sababu nilisema W ni heri. Na mwenye M na W pamoja akumbuke umoja na wingi wa watu, kwa sababu neno refu kuliko yote lililojificha ndani ya MWANAFUNZI liko wazi kabisa na wachezaji wengi hulipita: ondoa M ya mwanzo, usiguse kitu kingine chochote, nawe utasoma wanafunzi, neno la herufi tisa kati ya kumi.

Katika neno hilo hilo zimo pia fumania, zamani, wazimu, mzawa, mwanzi, uzani, funza, mafua, zana na inama. Sijamaliza orodha, wala sidhani kama inafaa kuimaliza kwa niaba ya msomaji.

Linabaki suala la uhakiki, ambalo halipaswi kufanywa kwa kukisia. Kila neno lililoandikwa lipangwe upya kwa vizibo au vipande vile vile. Kizibo kikikosekana, neno limekufa. Utashangaa ni maneno mangapi yanayoonekana sahihi lakini yanadai herufi moja zaidi. Manufaa linapungukiwa A moja katika MWANAFUNZI, kwa kuwa linataka tatu. Mwizi linapungukiwa I. Makosa haya huja kwa sababu akili hulikumbuka neno kwa sauti yake na kusahau kuhesabu, na hasa katika irabu zinazojirudia. Katika kutoa alama, ni haki zaidi kumpa mchezaji alama moja kwa kila herufi ya neno badala ya alama moja kwa kila neno, ili aliyepata fumania asilingane na aliyepata fua.

Kwa zoezi la kwanza, chukua USHIRIKIANO. Lina herufi kumi na moja, zikiwamo I tatu, na halina M wala W, kwa hiyo utalazimika kuegemea zaidi kwenye jedwali la silabi kuliko kwenye viambishi. Anza na shirika, kisha sikio, shauri na hiari. Yamo pia maneno mawili marefu, moja la herufi saba ambalo ni jina la sanaa fulani, na jingine la herufi nane ambalo husemwa na mtu aliyetendewa wema.