Namna ya kusoma vipimo vya damu vya kuvimba kwa ini kwa mwenye homa ya ini B sugu

Mtu ambaye kipimo chake cha HBsAg (protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B inayopimwa kwenye damu) kimebaki chanya kwa zaidi ya miezi 6 anahesabiwa kuwa na homa ya ini B sugu. Tangu hapo linalotakiwa kujulikana ni kama ini lake linaumia, na kwa kasi gani. Ini huvimba na kujaa makovu kwa miaka bila maumivu yoyote, kwa hiyo anayesubiri dalili huwa amechelewa.

Anza na ALT. Hiki ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini, na kinga ya mwili inapozishambulia seli zilizoingiliwa na virusi, huvuja na kuingia kwenye damu. Chukua karatasi yako ya majibu uitazame: upande mmoja lipo jibu lako, pembeni yake kipo kiwango cha kawaida, na namba iliyopanda mara nyingi huwekewa herufi H. Kukosekana kwa herufi hiyo kusikutulize mapema. Maabara nyingi huchapa kikomo cha juu cha uniti 40 kwa lita au zaidi, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaweka 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Mwanamke mwenye ALT ya 34 anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama, na hilo ndilo kosa ninalotamani kila msomaji alijue, kwa sababu linampotezea mgonjwa miaka ambayo angekuwa anafuatiliwa.

Jibu moja halitoshi kwa uamuzi. ALT hupanda na kushuka yenyewe, na pia hupandishwa na pombe, mafuta kwenye ini, dawa za mitishamba, baadhi ya dawa za hospitalini na hata kazi nzito iliyofanywa siku chache kabla ya kupima. Mwambie daktari yote hayo bila kuficha. Nunua daftari dogo, andika tarehe, ALT, AST (kimeng'enya kingine, nitakieleza hapa chini) na idadi ya chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) kila unapopima, kisha lipeleke kliniki. Majibu mawili yaliyozidi kikomo ndani ya miezi 6 hadi 12 yana uzito kuliko jibu moja lililoruka juu.

AST husomwa pamoja na ALT, kwani yenyewe hupatikana pia kwenye moyo, misuli na chembe nyekundu, na sampuli ya damu iliyoharibika njiani huweza kuipandisha. Kwa homa ya ini B, kwa kawaida ALT ndiyo huwa juu zaidi. AST ikiipita, daktari hufikiria makovu mengi au pombe.

Faida kubwa ya AST ni katika hesabu iitwayo APRI, ambayo hukadiria makovu ya ini bila mashine ya bei kubwa. Gawanya AST yako kwa kikomo cha juu cha AST cha maabara hiyo, gawanya tena kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu, kisha zidisha kwa 100. Mwenye AST ya 72, kikomo cha 40 na chembe sahani 150,000 anapata 1.8, ambayo ikigawanywa kwa 150 na kuzidishwa kwa 100 huwa 1.2. Kwa mwongozo huohuo wa 2024, zaidi ya 0.5 huashiria makovu ya kutiliwa maanani, na zaidi ya 1 huashiria ini lililosinyaa kwa makovu (sirosisi). Ila usifanye hesabu hii ukiwa na malaria, maana malaria hushusha chembe sahani na kukupa jibu la kutisha lisilo la kweli. Tibiwa, subiri, upime upya.

Pale inapowezekana, omba pia kipimo cha wingi wa virusi. Virusi vinavyozidi uniti 2,000 kwa mililita, pamoja na ALT iliyozidi kikomo, ni sababu tosha ya kuzungumza na daktari kuhusu kuanza dawa. ALT ya kawaida peke yake haimaanishi kwamba ini halina makovu, hasa kwa mtu mzima aliyeishi na virusi tangu utotoni.

Albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu) na kipimo cha kuganda kwa damu vinaeleza kama ini bado linafanya kazi yake. ALT ikifika mamia huku bilirubini ikipanda, damu ikichelewa kuganda au macho yakigeuka manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hali hiyo huweza kumpata pia mtu aliyeacha ghafla dawa ya kudhibiti virusi kama tenofovir kwa kuona majibu yake yamekuwa mazuri, kwa hiyo usiache kidonge hata kimoja kabla daktari hajakubali na kupanga tarehe za kukupima tena.