Kero ya mtaa isiishie mkutanoni: namna ya kuifikisha Baraza la Madiwani

Anayekwenda moja kwa moja kwenye Baraza la Madiwani na shida yake mfukoni hujikuta amekaa viti vya nyuma, mdomo umefungwa. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, lakini mwananchi pale ni msikilizaji. Wanaosema ni madiwani, na wanaojibu ni Mkurugenzi wa halmashauri na wakuu wake wa idara. Kwa hiyo siku ya baraza si siku ya kuanza kazi. Ukitaka kero isikike, ianzie mtaani wiki kadhaa kabla, na kila inapopita iache maandishi.

Maelezo haya yanahusu halmashauri za mji za Tanzania, za ukubwa wa Korogwe, Makambako, Babati au Masasi. Aliye kwenye halmashauri ya wilaya abadilishe tu mtaa uwe kijiji. Njia inayobaki inafanana sana.

Kero ni ya nani?

Muda mwingi hupotea hapa. Watu wanampigia kelele Mkurugenzi wa Mji kuhusu barabara, wakati barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na zile kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Bomba lililopasuka ni la mamlaka ya maji ya mji, au RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama mko pembezoni vijijini. Nguzo iliyolala ni ya TANESCO, shirika la umeme. Halmashauri yenyewe imebeba uzoaji wa taka, masoko, stendi, machinjio, shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya.

Hii haina maana kwamba barabara haisemwi kwenye vikao vya halmashauri. Isemwe, maana taasisi hizo huitwa kwenye vikao vya kata na vya baraza kutoa taarifa. Ila ombi lako liseme wazi: "tunaomba TARURA wafike kukagua kalavati," si "halmashauri itutengenezee barabara." Sentensi ya pili hujibiwa kwa dakika moja, "hiyo si yetu," na mambo yanaishia hapo.

Ugomvi wa mpaka wa kiwanja kati ya majirani wawili haufai mkutanoni. Kuna Baraza la Ardhi la Kata kwa ajili ya usuluhishi. Tuhuma kwamba fulani kala hela nazo zipelekwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Ukimtaja mtu kwa jina hadharani bila karatasi mkononi, mjadala unamgeukia yeye na wewe, kero inasahaulika, na unaweza kujikuta ndiye unayeshtakiwa.

Wiki mbili za daftari

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho: kizimba cha taka kimejaa jirani na uzio wa shule ya msingi, na gari la taka haliji inavyotakiwa.

Tafuta daftari la kurasa 40. Kwa siku 14 mfululizo andika tarehe, gari limekuja au halikuja, saa ngapi, na limeondoa zote au nusu. Wagawane kazi hiyo watu wawili au watatu wanaopita pale kila siku, kwa sababu mtu mmoja akisafiri daftari linakuwa na mapengo, na pengo ndilo atakaloliona kwanza afisa wa usafi. Ulizia ratiba ya gari kwa afisa afya wa kata. Hapo ndipo unapopata sentensi yenye uzito: ratiba ni mara mbili kwa wiki, yaani mara nne kwa siku 14, na gari limekuja mara moja.

Picha tatu zinatosha. Zipigwe kutoka sehemu ileile, siku tofauti, na kwenye picha kionekane kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama mlango wa shule au pikipiki. Picha ishirini za jalala lilelile hazimuongezei mtu uelewa. Kama wakazi wanalipa ada ya taka, kusanya nakala za risiti za kaya angalau kumi za miezi ya karibuni. Risiti hugeuza maneno: hamuombi fadhila tena, mnadai huduma mliyoilipia.

Ombi moja, si matano

Andika ombi kwa sentensi moja yenye vitu vitatu: nani afanye, afanye nini, mpaka lini. "Kitengo cha usafi cha halmashauri kirudishe gari mara mbili kwa wiki kuanzia mwezi ujao, na kizimba kisogezwe kutoka kwenye uzio wa shule kabla shule hazijafunguliwa." Ukiongeza taa za barabarani, mbwa wazururao na kelele za baa, katibu ataandika "wananchi walieleza kero mbalimbali." Neno "mbalimbali" limezika kero nyingi kuliko upinzani wowote.

Mkutano wa mtaa

Mwenyekiti wa Mtaa ndiye anayeongoza, Mtendaji wa Mtaa ndiye katibu. Wiki moja kabla, mpelekee Mtendaji barua fupi ukiomba jambo lenu liwe agenda inayojitegemea. Msiridhike na "Mengineyo." Agenda hiyo huja mwisho, jua limeshapanda, nusu ya watu wameshaondoka na mwenyekiti anatafuta namna ya kufunga.

Kama mkutano hauitishwi kabisa, andikeni barua ya kuomba uitishwe kwa Mtendaji wa Mtaa, nakala kwa Mtendaji wa Kata, na wakazi wasaini kwa majina, namba za nyumba na sahihi. Nakala kwa kata ndiyo inayosukuma.

Siku yenyewe asimame mmoja, aseme dakika mbili. Jaribu nyumbani ukiwa na saa; dakika mbili ni kama maneno 200, na wengi hushangaa jinsi zinavyoisha haraka. Mtiririko uwe huu:

"Ndugu Mwenyekiti, nazungumzia kizimba cha taka pembeni ya shule. Kwa siku 14, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, gari limekuja mara moja badala ya mara nne. Daftari hili hapa, na picha hizi hapa. Kaya zetu zinalipa ada, risiti ninazo. Tunaomba mkutano uazimie mambo mawili: gari lirudi kwenye ratiba, na kizimba kisogezwe. Tunaomba azimio hili liandikwe kwenye muhtasari na lipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata."

Kisha ukae. Wengine wawili waunge mkono kwa jambo jipya, kwa mfano mzazi wa mwanafunzi na mwenye genge la karibu. Wasirudie yaleyale. Mtu akianza kuingiza vyama, mwombeni mwenyekiti arudishe watu kwenye agenda. Kero ikishavaa rangi ya chama, nusu ya mkutano inaacha kuisikiliza.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka. Mwenyekiti atasema, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Makofi, watu wanatawanyika. Kumbe "tumelipokea" si azimio. Kabla hamjaondoka, mwombe kwa adabu asome kilichoandikwa. Linganisha:

Muhtasari dhaifu: "Wananchi walilalamikia suala la usafi. Mwenyekiti aliwaasa kutunza mazingira."

Muhtasari unaofaa: "Mkutano uliazimia kuwa halmashauri irejeshe gari la taka mara mbili kwa wiki na kizimba kilicho jirani na shule kihamishwe. Mtendaji wa Mtaa awasilishe azimio kata kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata."

Wa kwanza umewageuza nyinyi kuwa wachafu. Wa pili una mtendaji, kitendo na wakati. Omba nakala ikishasainiwa na mwenyekiti na katibu, au angalau piga picha ukurasa huo kwa ruhusa. Mkutano unaofuata, njoo mapema ukae mbele wakati wa "Yatokanayo na mkutano uliopita." Hapo Mtendaji analazimika kueleza barua imefika wapi, na hapo ndipo watu wengi huwa bado wako njiani wanakuja.

Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, katibu wake ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Maana yake mwenyekiti wenu ndiye atakayewasemea. Msimwache aende mikono mitupu: mpeni ukurasa mmoja wenye ombi, takwimu nne na picha mbili. Ukurasa mmoja kweli, si faili. Atausoma akiwa kwenye bodaboda.

Mwoneni pia Mheshimiwa Diwani kabla ya kikao, watu wasiozidi watatu, siku yake ya kusikiliza wananchi kama anayo. Wakienda ishirini huwa maandamano, na yeye atajibu kama anayejibu maandamano. Mwulizeni maswali mawili tu: je, jambo hili litaingia kwenye taarifa ya kata inayokwenda baraza? Je, yuko tayari kuliulizia swali?

Barua kwa Mkurugenzi

Wakati hayo yanaendelea, peleka barua. Vikao vinaweza kuahirishwa. Barua iliyopokelewa haiahirishwi. Mpangilio wake ni ule wa kiserikali: anwani yenu na tarehe juu kulia, kisha "Mkurugenzi wa Mji," chini yake "K.K. Afisa Mtendaji wa Kata" (yaani kupitia kwake), halafu kichwa kinachoanza na "YAH:", kwa mfano "YAH: OMBI LA KUREJESHWA RATIBA YA GARI LA TAKA NA KUHAMISHWA KWA KIZIMBA JIRANI NA SHULE." Aya tatu: hali ilivyo kwa tarehe na idadi, azimio la mkutano wa mtaa na tarehe yake, ombi. Viambatisho: muhtasari, picha, kurasa za daftari. Nakala kwa diwani na kwa mwalimu mkuu wa shule.

Chapisha mbili. Kata watagonga muhuri na kuandika maoni yao, kisha peleka mwenyewe masjala ya halmashauri, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usikubali "iache tu hapo mezani." Barua isiyo na muhuri, ikipotea, haijawahi kuwepo. Wiki mbili zikipita bila jibu, rudi masjala na nakala hiyo, uliza barua yako imeelekezwa kwa afisa gani, kisha mfuate huyo huyo.

Siku ya baraza

Baraza la kawaida hukaa kila robo ya mwaka, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mara nyingi siku ya kwanza hupokelewa taarifa za kata, na siku inayofuata taarifa za kamati za kudumu. Halmashauri ya mji inaongozwa na Mwenyekiti wa Halmashauri. Meya yuko manispaa na jiji. Mkurugenzi ndiye katibu.

Madiwani hupewa makabrasha, yaani nyaraka za kikao, kabla ya kikao. Kama kizimba chenu hakimo ndani ya kabrasha, uwezekano wa kujadiliwa ni mdogo sana, hata diwani wenu awe na sauti ya radi. Kwa hiyo ulizia kwa Mtendaji wa Kata mapema: taarifa ya kata imeshapelekwa? Kero yetu iko aya gani? Swali la maandishi la diwani nalo hutakiwa kumfikia Mkurugenzi siku kadhaa kabla, kwa utaratibu wa kanuni za kudumu za halmashauri. Msaidieni kuliandika, liwe fupi lisiloweza kujibiwa kwa "mchakato unaendelea." "Ni lini gari litarudi?" ni bora kuliko "Ni nini mkakati wa halmashauri kuhusu usafi?"

Nyinyi nendeni watu watano au sita, mfike kabla ya muda, mzime simu, msipige makofi wala kuguna. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kwanza. Andika nani kajibu, kasema nini, na ameahidi tarehe gani. Wakati wa mapumziko ya chai unaweza kumsogelea mkuu wa kitengo cha usafi, umsalimie, umwonyeshe ile nakala yenye muhuri. Mazungumzo hayo ya dakika tatu mlangoni mara nyingine huzaa zaidi ya nusu saa ya ukumbini.

Pale inapohitaji fedha

Gari kurudi kwenye ratiba ni amri ya ndani. Inaweza kutekelezwa wiki ijayo. Kujenga kizimba kipya ni bajeti, na bajeti ina msimu. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda, na baraza hupitisha makisio mapema mwaka unaofuata, kabla hayajaenda juu. Ombi la ujenzi likifika Mei litaambiwa lisubiri, na kwa kweli litasubiri. Lipelekeni tena Oktoba, likiwa na azimio lilelile na makadirio ya fundi. Mwaka wa uchaguzi mkuu kuna miezi baraza linakuwa limevunjwa na hakuna diwani. Kipindi hicho shikilieni barua kwa Mkurugenzi.

Mkiambiwa fedha hakuna, mnaweza kuomba kwa maandishi kuona taarifa ya makusanyo na matumizi ya ada ya taka ya kata yenu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua hiyo nayo iende masjala, igongwe muhuri.

Gari likirudi, msifunge daftari. Endeleeni kuandika miezi mitatu. Kawaida gari huja vizuri wiki nne za kwanza, kisha linaanza kuruka Ijumaa.