Jengo la mabati: hewa itaingilia wapi?

Ukijenga ghala au karakana ya mabati, usikimbilie feni kabla hujajua hewa itaingilia wapi. Wengi huacha uwazi kwenye kilele cha paa na kuridhika. Ni kweli hewa ya moto hupanda, lakini haitoki vizuri kama hakuna nyingine inayoingia kuchukua nafasi yake. Weka matundu chini ya kuta, pande mbili zinazotazamana, na jumla ya ukubwa wake isipungue ile ya matundu ya juu. Wavu wa kuzuia wadudu nao hula sehemu ya uwazi, kwa hiyo ongeza ukubwa wa matundu kufidia.

Matone yanayodondoka alfajiri wakati hakuna mvua? Mara nyingi paa halivuji. Ni unyevu wa hewa ya ndani uliogusa bati lililopoa usiku. Kabla hujamlaumu fundi (na hulaumiwa sana huyu), angalia kama kuna mtu aliyeziba matundu kwa kuogopa baridi.

Feni ya kutoa hewa ifungwe mbali na tundu la kuingizia. Vikikaribiana, itavuta hewa ileile iliyoingia sasa hivi, na kona ya mbali itabaki tanuri.