Kuchora duka la kwenye riwaya ya zamani kwa rangi za maji

Kabla hujashika brashi soma kwanza, na penseli iwe mkononi. Tuseme umechagua The Old Curiosity Shop ya Charles Dickens, ilotoka vipande vipande 1840 hadi 1841, lile duka la London la babu yake Nell, msichana wa kwenye hadithi. Usikimbilie kutafuta picha mtandaoni, George Cattermole alishalichora enzi hizo hizo na ukishaiona yake bas, utaishia kuiga tu. Andika vitu vilivyotajwa: mavazi ya vita ya chuma, silaha zenye kutu, sanamu za mbao na za pembe za ndovu. Alafu punguza, bakisha vitatu vinne, vingine viwe vivuli tu, manake ukichora kila kitu itakuwa orodha ya mnada.

Cha muhimu zaidi ni mwanga unatoka wapi. Kwenye kitabu ni usiku, mlango una kioo, na mzee anakuja na taa akijipenyeza katikati ya makorokoro. Picha yako ndio hiyo tayari.

Sasa shuka Mji wa Kale wa Mombasa, barabara ya Ndia Kuu, kwenye yale maduka ya vitu vya kale, muombe mwenyewe ruhusa ukae kidogo uchore kwa penseli. Angalia vile vitu vinavyorundikana, vizito chini, vyepesi vinaning'inia, na njia ya kupita inabaki nyembamba mpaka utembee upande. Huo mrundikano ndio unaubeba, sio milango ya nakshi, hii ni London jamani. (Ingawa duka kama lile hata kasha la Lamu lingefika, nani ajuaye.)

Karatasi iwe nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, ibandike tepu pande zote nne kwenye ubao. Weupe wa taa ni karatasi yenyewe kwahivo hapo usipaguse kabisa. Lowesha pembeni yake, tia manjano nyepesi iache itambae yenyewe, ikizidi inyonye na tishu. Giza usilitoe kwenye tyubu ya nyeusi, linakuwa kama masizi, changanya buluu ya ultramarini na kahawia nzito upake tabaka jembamba, likauke, kisha lingine, na hapo ndo Mombasa inatutesa, msimu wa mvua karatasi haikauki upesi. Igusishe mgongo wa mkono, ukihisi ubaridi bado ina maji, washa feni ungoje.

Kwenye kofia ya chuma ruka kamstari kembamba usikapake, ndo kung'aa kwake huko. Kingo za vitu karibu na taa ziwe kali, za pembeni zipotee gizani. Weusi kabisa weka mwisho, kidogo tu, chini ya meza na nyuma ya mlango.

Tepu ivute polepole kuelekea nje, na ukishatia fremu usitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri, zipo rangi zitapauka.