Gogo au sanduku? Kuwawekea ndege wa mashimoni mahali pa kutagia uani, hatua kwa hatua

Wengi wanaokuja karakana kuulizia "nyumba ya ndege" wameshaona picha yake: kibanda cha mbao chenye paa la pembe, kimepakwa rangi nyekundu na kina kijiti mbele ya tundu. Kibanda hicho ni pambo zuri la kibarazani. Ukitaka ndege atage, anza na ndege mwenyewe, kwa sababu hawa wa mashimoni hawafanani. Mmoja ni lazima achimbe shimo kwa mdomo wake, mwingine anahamia alipoacha mwenzake, na yupo anayejifungia ndani kwa lipu. Ukijua uliye naye ni yupi, nusu ya kazi umemaliza.

Mimi nafanyia kazi hii Morogoro, kwa hiyo miti na misimu nitakayotaja ni ya huku. Vipimo vinafaa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Hatua ya 1: Tazama nani anapita uani kwako

Toa asubuhi chache kabla ya kugusa msumeno. Kaa na chai yako, tazama miti.

Wachimbaji ni zuwakulu na kigogota. Zuwakulu wa kwetu anayeonekana sana ana uso na kifua chekundu, ukosi mweusi na mdomo mnene wenye meno pembeni. Utamsikia kabla hujamwona: wawili wanakaa tawi moja, wanainamiana na kuinuka huku wakiitikiana kwa kasi, mpaka unadhani ni ndege mmoja. Huyu hula matunda na wadudu, na huchimba kwenye tawi lililokufa. Kigogota naye unamfahamu kwa kugonga.

Wahamiaji ni hudihudi mwenye shungi, kwenzi wa bluu inayong'aa, na jurawa. Hawana mdomo wa kuchimba mti. Wanategemea shimo lililoachwa na wachimbaji, tawi lililooza, bomba la chuma, ufa wa ukuta au nafasi chini ya bati. Ukikata kila tawi kavu uani ili "pawe pasafi", umewafukuza wachimbaji, na wahamiaji watafuata.

Wapiga lipu ni hondohondo. Nitawagusia kidogo huko mbele, maana si kila ua una nafasi yao.

Hatua ya 2: Tafuta mti wa gogo (kwa ajili ya zuwakulu na kigogota)

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wanampa zuwakulu sanduku lenye uwazi tayari, halafu wanashangaa halitazami. Kwake yeye kuchimba ni sehemu ya kuandaa kizazi. Mume na mke wanapokezana kupiga mdomo na kutoa vipande vya mti. Mpe gogo ambalo ndani halijatobolewa, la mti laini uliokufa.

La kwanza kwangu ni mlingoti wa mkonge. Mkonge huchanua mara moja katika maisha yake, unatoa mlingoti mrefu, kisha unakufa. Mlingoti ukikauka nje unabaki na ganda gumu na ndani nyama laini kabisa, na ni mwepesi, mtu mmoja anaubeba begani. Zao hili lililetwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ukipita leo kwenye mashamba ya Kilosa au Tanga utaona milingoti yenye matundu. Mengine ni ya ndege, mengine ya nyuki bungo, wale weusi wakubwa. Chagua sehemu ya chini kabisa yenye unene wa sentimita 15 au zaidi, kwa sababu mlingoti mwembamba ukichimbwa unabaki na ukuta kama karatasi.

Ukikosa mkonge, tafuta tawi la mparachichi, mfenesi au msufi lililokufa likiwa bado mtini. Libonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, linafaa. Likimomonyoka mkononi, limeoza mno na litavunjika masika ya kwanza. Mwarobaini na mtiki waachie wenye samani.

Hatua ya 3: Andaa gogo

Kata urefu wa sentimita 60 hadi 80. Juu funika kwa kipande cha mbao au bati kinachozidi ukingo kwa sentimita 5 upande wa mbele, ili maji ya mvua yasishuke ndani ya nyama ya gogo. Bila kofia hiyo gogo la mkonge halimalizi msimu.

Kisha toboa mwanzo wa tundu, kama sentimita 12 kutoka juu. Tumia keekee au drili, upana wa sentimita 4.5, kina cha sentimita 4 au 5 tu. Kazi yako inaishia hapo. Huo ni mwaliko. Chumba atakichimba mwenyewe kushuka chini, kwa kina anachotaka. Upana nao una sababu. Zuwakulu anapita, kunguru hapiti. Wale wa Dar es Salaam na Pwani wananielewa: kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ni mwizi mkubwa wa mayai na makinda, na kila milimita unayoongeza kwenye tundu unamwongezea yeye.

Kijiti mbele ya tundu usiweke. Ndege wa mashimoni ana kucha za kushika gome, hahitaji ngazi. Anayehitaji pa kusimama ni huyo kunguru.

Jambo jingine ni oili chafu. Najua kila nguzo ya fensi mjini imepakwa oili chafu kuzuia mchwa. Kwenye kiota usithubutu. Oili inanasa kwenye manyoya, na kutoka kwenye manyoya inapakaa kwenye yai. Mbao iache ilivyo, hata randa haina kazi hapa.

Hatua ya 4: Tengeneza sanduku (kwa ajili ya wahamiaji)

Mbao ya unene wa inchi moja, isiyorandwa. Mbao nyembamba inapika makinda wakati wa jua la Januari.

Kwa hudihudi na kwenzi: ndani sentimita 16 kwa 16, kimo sentimita 40, tundu la sentimita 6 likiwa sentimita 25 juu ya sakafu. Kwa jurawa punguza: ndani 12 kwa 12 na tundu la sentimita 3.5. Toboa vitundu vinne vidogo sakafuni vya kutolea maji, acha upenyo mwembamba chini ya paa wa kupitisha hewa, na upande mmoja ufungwe kwa skrubu ili uweze kuufungua baadaye. Ndani, chini ya tundu, chora mikwaruzo kwa patasi. Makinda yanapandia hapo siku ya kutoka.

Kwenzi na jurawa watajiletea nyasi na manyoya. Hudihudi haleti kitu. Anataga palepale sakafuni, kwa hiyo mwekee maranda makavu au udongo mkavu, kina cha sentimita 3 au 4, ili mayai yasiviringike.

Sasa kuhusu harufu. Wateja wawe tayari. Hudihudi jike ndiye anayeatamia peke yake huku dume akimletea chakula, na katika kipindi hicho tezi iliyo juu ya mkia wake inatoa mafuta meusi yenye uvundo kama wa nyama iliyochacha. Makinda nayo yanatoa. Ndani ya mafuta hayo mnaishi bakteria wanaopambana na vijidudu viharibifu, na ganda la yai lina vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinayashika mafuta mama anapoyapakaa. Ukisogeza uso tunduni, makinda yanalia kama nyoka na kukurushia kinyesi kwa shabaha nzuri. Hakuna kilichoharibika hapo, usioshe wala kupulizia dawa. Ila sanduku lake usilitundike jirani na dirisha la jikoni.

Kama una hondohondo

Ukiwa na ua mkubwa wenye miti mirefu, na hondohondo wa kijivu wanapita kila siku, unaweza kujaribu sanduku lao: ndani sentimita 22 kwa 22, kimo sentimita 50 au zaidi, tundu la sentimita 7. Sakafu iwe karibu na tundu, sentimita 12 hivi. Jike anaingia, anaziba mlango kwa kinyesi chake na mabaki ya chakula mpaka unabaki ufa mwembamba wa kusimama wima. Dume analisha kupitia ufa huo, na yeye humo ndani anapukutisha manyoya ya mabawa na mkia, hawezi kuruka. Sasa mdomo wake ni lazima ufikie ufa akiwa amekaa. Ukimpa shimo refu la kushuka chini, kama la hudihudi, hatalitaka. Nafasi ya juu ya tundu mwachie kubwa, maana adui akija anapanda huko kujificha. Makinda yakikua kiasi mama anabomoa lipu na kutoka, nayo yanaziba upya yenyewe.

Tahadhari moja: sanduku la ukubwa huu nyuki wanaliona ni mzinga. Wakiingia, muite mfugaji nyuki, usipande na kijinga cha moto.

Hatua ya 5: Tundika

Julai au Agosti ni wakati mzuri huku, ili ndege walizoee kabla ya vuli, wengi wanapotaga. Kimo cha mita 2.5 hadi 4 kinatosha. Tundu liangalie mashariki au kaskazini-mashariki, jua la jioni lisipige ndani. Lakini tazama kwanza mvua ya kwako inapiga kutoka upande gani. Ikibidi kuchagua, kwepa mvua. Gogo zima liinamie mbele kidogo, ili tundu litazame chini kwa nyuzi chache.

Funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mizunguko kadhaa juu na chini. Mpira unatanuka mti unaponenepa, waya unakata gome. Ukiwa huna budi kutumia waya, upitishe ndani ya kipande cha mpira wa maji. Na likikazwa lisicheze hata kidogo, zuwakulu hachimbi kitu kinachotikisika.

Hatua ya 6: Zuia wapandaji

Paka, panya, kenge na nyoka wote wanapanda kwa shina. Zungushia shina bati laini lenye kimo cha sentimita 60, kuanzia usawa wa kifua chako, na ukate matawi yanayogusana na mti wa jirani au paa. Siafu wakipita uani, paka grisi mkanda mwembamba kwenye shina chini ya bati, mbali na pale ndege wanapotua.

Yupo mmoja ambaye bati halimzuii: mwewe wa kijivu mwenye uso wa njano usio na manyoya. Kifundo cha mguu wake kinakunjika mbele na nyuma, kwa hiyo ananing'inia kwenye tundu, anaingiza mguu, anapapasa. Ndiyo maana nimesisitiza sentimita 25 kutoka tundu hadi sakafu. Kina ndiyo ngao pekee.

Hatua ya 7: Soma dalili ukiwa mbali

Vipande vya mti chini ya gogo vinakuambia kazi imeanza. Zuwakulu akianza kuingia na kutulia ndani muda mrefu, anaatamia. Mayai mara nyingi ni 3 hivi, na huanguliwa baada ya siku 18 au 19. Ukiona wanaingia na wadudu mdomoni, makinda yapo, na yatakaa ndani zaidi ya mwezi. Wakati huo usipande, usimulike tochi, usimwinue mtoto achungulie. Kwa hudihudi kuatamia ni wiki mbili na siku kidogo, kisha makinda hukaa ndani karibu wiki nne.

Unaweza kumwona ndege mdogo wa rangi ya vumbi anazungukazunguka gogo, na zuwakulu wanamkimbiza kwa hasira isiyo ya kawaida. Huyo ni mlembe mdogo, ndugu wa yule anayewaongoza warina asali. Anataga ndani ya kiota cha zuwakulu kisha anaondoka. Kinda lake huanguliwa likiwa na ndoano kali kwenye ncha ya mdomo, huwaua makinda wenyeji gizani, na ndoano hupotea baadaye. Zuwakulu wanalilea kama lao. Watu huniuliza kama walitoe. Usilitoe: huna njia ya kuhakiki kinda gizani bila kubomoa kiota, na mlembe ni ndege wa hapahapa sawa na zuwakulu.

Hatua ya 8: Baada ya makinda kutoka

Sanduku la wahamiaji lifungue, toa takataka, likae juani siku nzima, rudisha maranda mapya. Vaa kitambaa usoni, vumbi lake si zuri.

Gogo la zuwakulu usiliguse. Familia nzima inarudi kulala humo kila jioni, mwaka mzima, na wakati mwingine wanalichimba zaidi na kutaga tena. Baada ya muda litakuwa limetobolewa hadi ukuta umebaki mwembamba. Likifika hapo, funga gogo jipya kwenye shina lilelile, mita moja pembeni, na la zamani liache mpaka uwaone wamehamia au lidondoke lenyewe.